Kinu Bila Mchi

Iyunga, Mbeya
Jumamosi mchana

Mwanangu Sekela,

Barua hii utaikuta ndani ya kinu, chini ya kitenge nilichokizibia. Kabla hujaisoma utakuwa umeshashangaa: kinu kipo, mchi uko wapi? Wakwe zako nao watashangaa. Shangazi zako hapa wameshashangaa, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Mama Sekela, tangu lini bibi harusi akapelekwa na kinu bila mchi? Atatwanga kwa kiwiko?" Nimewajibu kwamba mchi umepasuka. Haukupasuka. Nitakwambia uliko, lakini kwanza nisikilize.

Barua zote ulizonifundisha kuandika zinaanza namna moja: sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Hii sikuianza hivyo, na wala sikusahau. Hilo neno "wazima" ndilo lililonikalisha hapa niandike.

Jana ulipokuwa kwenye mkeka unasukwa, mkono wa blauzi ulipanda, nikaona. Alama za vidole juu ya kiwiko, zimeshaanza kuwa njano. Nikakuuliza. Ukaushusha mkono wa blauzi, ukacheka. "Aa, mama, ni Yohana tu, tulikuwa tunabishana pale stendi. Si kitu. Mimi mzima." Ukaendelea kusukwa nywele za kuolewa naye. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni. Neno hilo nimewahi kusemewa mimi, mlangoni kwa baba yangu, na sauti yake naijua.

Sasa hivi uko chumbani na shangazi zako wanakufunda. Nasikia mnavyocheka. Mama mzazi haingii humo, ndiyo mila, na sina ugomvi nayo. Mambo ya chumvi, maji ya kuoga ya mume, kuamka kabla ya mama mkwe, hayo watakwambia wao, na wanayajua kuliko mimi. Mimi nimekaa jikoni na daftari langu la kisomo. Mvua inanyesha. Mtu akichungulia namwambia nafanya zoezi la mwalimu.

Unajua kwamba baba yako na mimi tulikutana Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mimi Mhehe wa Kilolo, yeye Mnyakyusa wa Rungwe, kila mmoja na lugha yake, Kiswahili chetu kibovu ndicho kilichotuunganisha. Alikuwa mcheshi, jamani! Alikuwa anaimba huku anachuma chai, mpaka nyapara anasahau kufoka. Nilimpenda. Nakwambia hivi usije ukadhani niliburutwa. Nilikwenda kwa miguu yangu, kama unavyokwenda wewe kesho.

Alinipiga mara ya kwanza tulipohamia hapa Iyunga. Nilichelewa kutoka kisimani, basi. Alinipiga kwa mkanda, upande wa chuma, mpaka mkanda ukamtoka mkononi, akauokota akaendelea. Asubuhi nilidandia lori la mahindi mpaka Iringa, nikatembea mpaka Kilolo, nikaanguka uwanjani kwa baba yangu. Nilisema moyoni, nimefika.

Mila ya ukoo wetu ilikuwa hivi. Mwanamke akikimbilia kwao kwa kipigo, haulizwi alikosa nini wala alipigwa na nini. Anasubiriwa mshenga wa mume. Mshenga anakuja na kuku jike, mzima mzima, amefungwa miguu, anakaa uwanjani na wazee. Mwanamke anaingizwa ndani na shangazi yake. Anavuliwa nguo zote, anapapaswa mfupa kwa mfupa, kuanzia fuvu mpaka vidole vya miguu. Ukikutwa mfupa umevunjika, mume anatozwa, na mwanamke anakaa kwao mpaka apone. Usipokutwa, shangazi anasimama mlangoni anasema neno moja tu. "Mzima." Basi. Kuku anachinjwa, wazee wanakula, kesho yake mwanamke anarudi.

Shangazi yangu alinipapasa. Mgongo ulikuwa umechanika, nguo ilikuwa imegandia kwenye damu ikabidi ailoweshe maji ndipo itoke. Alifika mpaka vidole vya miguu, akavivuta kimoja kimoja. Akaenda mlangoni. "Mzima." Na yule kuku, unajua ananyonyolewa na nani? Na mimi. Nilimnyonyoa kwa vidole vilivyovimba, huku nasikia wazee wanacheka habari za nguruwe waliovamia mahindi ya mtu.

Niliporudi, baba yako alikuwa ameshapata kazi ya kuchinja kwenye bucha. Nilimkuta anakula. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniangalia akasema, "Kumbe kwenu wanahesabu mifupa."

Mwanangu, mchinjaji anajua mfupa uko wapi. Tangu siku ile alinipiga penye nyama. Mapaja, matako, juu ya ziwa, ubavuni alipakwepa. Baraza la wazee wangu ndilo lililomfundisha kazi, na alijifunza vizuri.

Mara ya pili alikosea, au labda mimi niligeuka vibaya. Ngumi ilitua mdomoni. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni, bado mchanga. Nilikwenda Kilolo na meno yangu mawili nimeyafunga kwenye pindo la khanga, nikampa shangazi, nikajua safari hii wana la kuona. Akayatoa nje kwenye kiganja. Ukawa mjadala! Mmoja anasema jino ni mfupa. Mwingine anasema mfupa hauoti tena, jino linaota. "Linaota kwa mtoto, huyu ameshazaa!" "Sasa ng'ombe akipungua jino, mnadani si tunamwita mzima?" Waligombana mpaka kivuli cha ghala kikahama. Baba yangu alikuwa anakwangua udongo kwa fimbo. Mwishowe shangazi akaambiwa aseme, akasema. Meno niliyazika nyuma ya ghala, na kuku nikamnyonyoa.

Ya tatu nitaiandika haraka. Wewe ulikuwa umeanza kukimbia. Nilikuwa na mimba, imeshajionyesha. Alinipiga mateke akiwa na yale mabuti ya mpira ya buchani, na nilipoanguka akasimama juu yangu. Kwenye lori nilikalia gunia, na nilipofika Iringa gunia lilikuwa limelowa. Shangazi alinipapasa kama kawaida, kichwa, shingo, mbavu. Nikaushika mkono wake nikauweka tumboni. "Shangazi, na huyu?" Mikono yake ilisimama. Akaniambia kwa Kihehe, polepole, kwamba huyo hana mfupa wa kupapaswa. Akajifuta macho kwa khanga. Akaenda mlangoni, nikamsikia.

"Mzima."

Nilimnyonyoa yule kuku damu ikinitoka. Alfajiri mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, anaenea kwenye kiganja. Nilimzika chini ya migomba kwa mikono yangu, nikanawa, nikarudishwa kwa mume.

Usimchukie shangazi. Nilimchukia mimi miaka mingi na haikunisaidia. Yeye naye alishawahi kulala kwenye kile kitanda, akapapaswa na shangazi yake. Kosa langu mimi lilikuwa lingine. Mimi niliwaamini. Wakisema mzima, nami najiambia, basi mzima, kwani nalia nini? Niliamini mtu ni mifupa yake. Nikawa nangoja mfupa uvunjike. Mwanangu, kuna siku niliuomba uvunjike! Nilikuwa naweka mkono wangu mbele ya fimbo makusudi, ili shangazi apate cha kusema. Fikiria mtu anayefika hapo.

Ya nne unaijua, ulikuwepo. Ulikuwa darasa la kwanza. Watu tuliwaambia baba yako alianguka kutoka kwenye lori la ng'ombe, na wewe ulivyokuwa na akili, ukawaambia hivyo hivyo bila kufundishwa. Lakini hatujawahi kulizungumza mimi na wewe, na sitaki uondoke na kipande chako tu.

Alikuja na ile kamba ya kufungia ng'ombe, ameikunja mara mbili. Mimi nilikuwa natwanga. Alipiga, nikanyamaza, nimezoea. Ndipo ukatoka ndani ukaukumbatia mguu wake ukamng'ata. Alikushika mkono akakutupa ukutani. Nilisikia kichwa chako kikigonga. Hukulia, na kule kutolia ndiko kulikonitisha. Mchi ulikuwa mkononi mwangu tayari. Nikaunyanyua kama ninavyounyanyua kila siku nikitwanga mahindi, nikaushusha.

Mkono wake ulivunjika pigo la kwanza. Mfupa ulitokeza, mweupe, nikauona. Akaanguka chali akaniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo alilisikia mara moja tu kwa mama yangu. Pigo lile la kwanza lilikuwa lako, nilikupigania. La pili na la tatu yalikuwa yangu. Alikuwa chini, hana nguvu, analia, nami nikampiga palepale penye mfupa uliovunjika, na tena. Nilifurahi, Sekela. Sijui niliandike vipi: nilisikia utamu. Ningempiga la nne kichwani, na leo ungekuwa unaenda kuolewa kutoka nyumba ya yatima, lakini ulianza kulia, nikageuka.

Ukoo mzima wa baba yako ulipanda gari kutoka Rungwe. Kwa mifupa yangu alikuwa anakuja mtu mmoja na kuku. Kwa mfupa wake walijaa uani, wengine wakakaa barabarani. Na kutoka Kilolo wakaja wazee wangu walewale. Kesi haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mfupa umevunjika? Umevunjika. Basi mke ana makosa. Nilipigishwa magoti katikati ya watu, nikaambiwa nipike pombe ya kuwaomba radhi, na nikapika. Shangazi yangu peke yake, aliponipita pale chini, alinigusa bega akakaza vidole.

Baada ya hapo hakunipiga tena. Ukisimulia kwa watu watasema, basi si ulishinda? Wapi! Alianza kulala amegeukia ukuta. Nikiinua mwiko kugeuza ugali, anajikunja. Nilikuwa natembea nyumbani mwangu kama jambazi, kila mtu ananipisha. Nikasema sawa, na waniogope, nimeteseka vya kutosha. Mpaka siku moja, mbu alitua shavuni mwako, nikanyanyua mkono nimuue. Ukafumba macho, ukainua mabega mpaka masikioni, ukasubiri. Mimi sijawahi kukupiga hata kofi. Lakini uliniona na mchi, na mwili wako haukusahau. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kuliko nilivyowahi kulia kwa mkanda. Nilidhani nikimvunja yeye, mimi nitakuwa mzima. Ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, na bado naliona usoni mwako nikinyanyua mkono ghafla.

Halafu ukaja huu mpango wa serikali wa kisomo. Unakumbuka ulivyonisukuma niende? "Elimu ya watu wazima, mama, na wewe ni mtu mzima." Jioni ya kwanza yule mwalimu kijana akayaandika ubaoni kwa chaki, watu wazima, akatuambia tusome pamoja. Darasa zima likasoma. Mimi nikacheka mpaka nikatoka nje. Walidhani namcheka mwalimu. Nilikuwa na pengo la meno mawili, ubavu unaouma kila mvua ikinyesha, kaburi dogo chini ya migomba ya Kilolo, na serikali imeniandika mzima. Baadaye nilirudi nikakaa. Nilisema, kama wameniandika, ngoja nijaribu. Na ndiyo hii nakuandikia, na mistari haipandi wala haishuki, umeona?

Jana nilitaka kuivunja harusi. Nilifika mpaka mlango wa chumba chako. Nikasikia unaimba. Nikajua ningeivunja ungemfuata kwa siri, na ukishakwenda kwa siri huwezi kurudi kwa wazi. Ungevumilia chochote ili mimi nisije nikasema nilikwambia. Ninakujua, kiburi hicho umekitoa kwangu. Kwa hiyo sikuzuii. Labda Yohana si mtu mbaya. Labda alikukamata tu kwa hasira na atajifunza. Ana shamba zuri la pareto huko kwao Kilolo, anasalimia watu kwa heshima. Baba yako naye alikuwa anaimba. Kesho akija nitampokea na nitamwamkia mama yake vizuri, ila macho yangu yatakuwa kwenye mikono yake, na akiona ninaangalia, na aone. Barua hii pia, kama ataisoma, na aisome.

Leo asubuhi nilimkuta baba yako nyuma ya nyumba ananoa kisu cha kumchinjia ng'ombe wa harusi. Ananoa kwa kushoto kama unavyomjua, ule mkono mwingine umelala mapajani.

"Baba Sekela," nikamwambia, "nimeona alama kwenye mkono wa mtoto."

Akaendelea kunoa.

"Siku akikimbilia hapa, utasemaje?"

"Nitasemaje? Mshenga atakuja. Wazee watakaa."

"Na wakisema mzima?"

"Wakisema mzima, si atarudi kwa mumewe? Ndiyo mila."

Nikauangalia ule mkono uliopinda. Nikauangalia mpaka naye akauangalia. Kisu kikasimama juu ya jiwe. Akaniuliza, bila kuinua uso, "Yule mtoto wa Kilolo. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Miaka yote hii hajawahi kuuliza. Nikamwambia, "Wa kiume."

Akaitika kwa kichwa. Kisha akasema, "Akija Sekela, msiniite kwenye baraza. Mlango fungua wewe." Akaanza kunoa tena, lakini alikuwa anakwangua tu jiwe, kisu kimekaa vibaya. Sikumhurumia na sikumcheka. Nimekueleza kwa sababu alilolisema ni kubwa, na kwa wakwe zako hamna atakayekwambia.

Sasa sikiliza. Kutoka nyumba ya Yohana mpaka kwa shangazi yangu ni karibu, unaweza kufika kwa miguu. Usiende. Ule uwanja wa baba yangu siku hizi ni magugu, wote walihamishiwa kijiji kipya cha kando ya barabara, lakini wazee ni walewale na shangazi yu hai na mikono yake ni ileile. Ukienda kwake utavuliwa nguo. Wewe shuka Iringa, panda basi la Mbeya, mwambie kondakta akushushe Iyunga.

Na usingoje. Siku atakapokunyanyulia mkono, hata akikukosa, hata akipiga ukuta, hata akilia baadaye na kukuomba msamaha, wewe njoo. Usiseme bado sijaumia. Sisi wote tulikuja kwa wazazi wetu tumechelewa, tukiwa na kitu cha kuonyesha. Sitaki uniletee cha kunionyesha. Njoo ungali mzima.

Mchi sikukupa kwa sababu mikono yako ni yangu. Ninajua ungeunyanyua, na ninajua la pili na la tatu lina ladha gani. Hilo sikutakii. Wakikudai, waambie mama amesema Yohana akuchongee mwingine. Kama mikono yake ina nguvu za kukamata mtu stendi, basi ina nguvu za kuchonga mti.

Huu wetu uko hapa nyumbani, umesimama nyuma ya mlango wa mbele. Unaujua mlango wetu, komeo lake lilishaoza. Nimeanza kuukaza mchi pale kila jioni, ncha moja chini, nyingine kwenye ubao, na hakuna mtu anayeweza kuusukuma. Ukifika, gonga. Usieleze kitu. Sitakuvua nguo, sitakupapasa, sitauliza amekupiga wapi wala ulikosa nini. Utasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Usiogope, ni mimi nautoa mchi nikufungulie.

Na ukishaingia, naurudisha palepale.

Mama yako